Vibomu Kwenye Lori la Mabula

Mwezi uliopita kijana wa bodaboda aliingia dukani kwangu Shinyanga mjini, mahali ninapokata na kubandika stika, akataka nimwekee meno ya papa kwenye tangi la pikipiki yake. Alikuwa nayo picha kwenye simu: mdomo mwekundu ulio wazi, meno meupe, na chini yake mstari wa vialama vidogo vyeusi. Nikamwambia nitamwekea kitu kingine chochote, simba, tai, jina la mchumba wake, lakini si hicho. Akaniuliza kama nimeokoka siku hizi. Nikasema hapana. Akaondoka amenuna, na mimi nikafunga duka kabla ya saa kumi, nikaenda kukaa nyumbani bila kumwambia mtu ninakaa kwa sababu gani.

Nilikulia Kagongwa, pale malori yanaposimama kupakia mchele. Baba alikuwa mchoraji. Nyie wa rika langu mnakumbuka mabasi ya wakati ule, kabla ya stika za kompyuta, yalivyochorwa kwa mkono ubavuni na nyuma. Mengi ya upande wetu yalipita chini ya brashi ya baba yangu, Fundi Masanja. Alikuwa Msukuma wa Songwa, mwembamba, asiyependa kuharakishwa. Mama alikuwa Muislamu wa Tabora, mwenye stoo ya mchele upande wa barabarani. Mimi nilikuwa mtoto wao wa pekee, kwa hiyo wote wawili waliitwa kwa jina langu: Baba Zuhura, Mama Zuhura. Nilikuwa na miaka tisa au kumi, na niliamini hakuna kitu baba asichoweza kukichora.

Siku moja akaja mzungu, fundi mitambo katika mgodi mmoja mkubwa, tuliyemwita Alani. Alikuwa amepanda basi lililochorwa na baba, akauliza ni kazi ya nani mpaka akafika kwetu. Alikuja na boksi lenye ndege ndogo za plastiki, alizoziunganisha mwenyewe kwa gundi, kila moja urefu wa mkono wangu. Zilikuwa ndege za zamani za kudondosha mabomu, za ile vita kubwa waliyopigana babu zetu. Wanajeshi wa zile ndege walikuwa na desturi ya kuchora picha puani mwa ndege zao: wanawake, wanyama, midomo yenye meno. Alani alitaka ndege zake ndogo ziwe na picha zilezile, lakini stika alizonunua zilikuwa zimekauka kwa joto letu na kuvunjika kama maganda ya kitunguu.

"Unaweza kuzichora ndogo hivi?" akamuuliza baba, akionyesha ukucha wa kidole gumba.

Baba akazitazama muda mrefu. "Naweza," akasema. "Lakini nataka kuziona zile za kweli."

Ndivyo ulivyoanza ule mwaka wa vitabu. Alani alimletea vitabu vizito vya picha za ndege, karibu zote nyeusi na nyeupe, na baba, ambaye shule aliishia darasa la saba, akageuka mtafiti. Alikuwa na lenzi ndogo aliyopewa na mjomba wake, ya kukagulia almasi, akawa anaibandika jichoni na kuinama juu ya picha mpaka shingo inamuuma. Picha moja ilimsumbua kuliko zote. Ilikuwa ya msichana ameketi juu ya bomu kama mtu aliyeketi kwenye kigoda, mwavuli mkononi. Ilikuwa ndege ya babu yake Alani, iliyoondoka siku moja na isirudi. Alani alisema gauni la msichana lilikuwa jekundu, ndivyo alivyoambiwa nyumbani. Baba hakuridhika. Akapaka vipande vya ubao rangi kumi na mbili, akavipeleka studio ya picha za pasipoti, akamwomba mpiga picha avipige kwa filamu nyeusi na nyeupe, kisha akalinganisha kijivu kwa kijivu.

"Si jekundu," akamwambia Alani. "Ni kijani. Wamekudanganya, au wamesahau."

Alani alicheka, halafu akaomba maji ya kunywa.

Kila kitu baba alikiandika kwenye daftari: siku, rangi, kachanganya nini na nini, kazi ya nani. Alisema mtafiti asiyeandika ni mpiga porojo. Picha akizichora juu ya karatasi yenye gundi aliyoletewa na Alani, anazipaka vanishi, na mimi ndiye niliyezitumbukiza kwenye bakuli la maji. Baada ya muda picha inajiachia, inaelea peke yake, unaitelezesha kwa kidole mpaka juu ya ndege. Sijawahi kupenda kazi kama nilivyoipenda ile.

Karibu na picha nyingi kulikuwa na mistari ya vibomu vidogo. Nikamuuliza baba maana yake.

"Kila kibomu ni safari moja," akasema. "Wamekwenda, wamerudi salama, wanachora kimoja."

Hakuniambia walikwenda kufanya nini. Nami sikuuliza. Nilielewa kwamba ni alama za shukrani, kama mtu anayefika nyumbani na kusema alhamdulillahi.

Mabula alikuja wakati wa kiangazi. Alikuwa mkuu wa walinzi katika machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, na alikuwa na lori lake la kubebea mawe ya dhahabu. Alitaka liandikwe jina. Mama hakumpenda tangu siku ya kwanza. "Mtu anaingia kwenye nyumba ya watu hasalimii," alisema. Mabula aliinama juu ya meza ya baba, akaona ile ndege yenye mdomo wa papa, akaishika kwa vidole viwili.

"Hii," akasema. "Lori langu nalitaka hivi."

Baba akamwambia sawa. Kisha Mabula akaweka kidole chini ya meno, kwenye mstari wa vibomu. "Na hivi ni nini?"

Baba alikuwa amegeuka kutafuta kopo. Mimi ndiye niliyejibu. Nilifurahi kujua kitu ambacho mtu mzima hakijui.

"Ni safari," nikasema. "Kila ukienda ukarudi unachora kimoja."

Mabula akaniangalia, akatabasamu. "Una akili wewe. Mimi safari zangu ni kupambana na manyani. Kwa hiyo kila nikipiga nyani mmoja, kimoja?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi nianzie vitatu."

Kwa mtoto wa Kagongwa nyani ni nyani. Kule kwa bibi walikuja makundi makundi kuvuna mahindi ambayo hawakuyalima, na aliyewafukuza alisifiwa. Sikujua kwamba machimboni nyani ni jina la mtu anayeingia kwenye shimo la mwenzake kuiba mawe. Baba alijua? Nimejiuliza maisha yangu yote. Nadhani alijua kuwa ni watu, akadhani ni kufukuzwa na kuchapwa viboko, mambo ya machimbo. Alichora meno, alichora macho, akakata karatasi yenye tundu la umbo la bomu, na vile vitatu akaniachia mimi nivipake. Mabula alirudi mara tatu baada ya hapo, kila mara kuongezewa kimoja. Alikuwa akija na soda yangu. "Mchoraji wangu yuko wapi?" anaita kutoka barabarani, na mimi natoka mbio na brashi.

Shule ilipofungwa, lori likaharibikia machimboni, na Mabula akatuma mtu kumwita baba aende kuandika kibao cha kambi na kurudishia rangi iliyochubuka. Mama alikataa nisiende. Nililia siku nzima. Nilimwambia baba nataka kuwaona manyani, na baba akacheka kidogo, kicheko ambacho leo nakisikia vingine, akasema, "Mwache aje, tutalala kwa dada yangu Geita."

Tulifika asubuhi. Machimbo yalikuwa kilima kilichogeuzwa ndani nje, maturubai ya buluu kila mahali, wanawake wameketi wakiponda mawe kwa nyundo, na vumbi jeupe juu ya kope za kila mtu. Baba alianza kibao. Mimi nilikaa chini ya pua ya lori nikihesabu vibomu vyangu sita. Jua lilipokuwa utosini nikasikia kelele upande wa mashimo. "Nyani! Nyani! Nyani!"

Nikakimbia. Nilipita chini ya mikono ya watu na katikati ya miguu yao mpaka mbele.

Aliyekuwa chini alikuwa mtu. Walikuwa wamemfunga mikono kwa waya, na watu wanne walikuwa wakimpiga kwa mipini ya sururu, kwa zamu, kama wanavyotwanga wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Walianza na magoti. Nilisikia goti likivunjika. Ni sauti ndogo kuliko unavyodhani. Damu ilikuwa ikichanganyika na vumbi la mawe na kuwa tope la kijivu, na alipogeuza uso, chini ya lile tope nikamwona Shija.

Shija alikuwa mbeba magunia wa mama. Miaka miwili alitubebea mchele, na mvua zikijaza barabara alinivusha mabegani mpaka shuleni. Alikuwa ameondoka baada ya mavuno, akisema anakwenda kutafuta ng'ombe wa mahari.

Aliniona. Mdomo wake haukuwa na meno ya mbele tena. "Zuhura," akasema. "Mwite baba."

Nilikwenda. Sikumbuki kukimbia, nakumbuka tu baba akishuka kwenye ngazi na brashi bado mkononi. Alisukuma watu akaingia katikati, akasimama juu ya Shija, mguu huku na mguu huku.

"Mwacheni! Huyu namfahamu, ni kijana wa Ushetu, amekaa kwangu. Kama kaiba mpelekeni polisi."

"Fundi," Mabula akasema kwa ile sauti yake ya taratibu, "kazi yako rangi."

"Mabula, nakuomba. Nakuomba kama ndugu yangu."

Mmoja akampiga baba mbavuni, akaanguka. Mabula akachukua mtaimbo kutoka kwa mtu aliyekuwa karibu naye, akaupima uzito mkononi, akampiga Shija kichwani mara moja. Miguu ya Shija ilicheza kidogo, ikatulia. Watu waliokuwa wakipiga kelele wakanyamaza wote kwa pamoja, na nikasikia nyundo za wale wanawake, ambao hawakuacha kuponda.

Wakatuleta wote wawili mpaka mbele ya lori. Mabula akaokota brashi ya baba kwenye vumbi, akaifuta kwenye suruali yake, akampa.

"Safari imekwisha. Chora."

"Sichori," baba akasema.

"Umechora sita."

"Sikujua. Niliyokuwa nayajua hayakuwa haya. Sichori."

Wakamlaza kifudifudi, wakauweka mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kupondea. Walitumia nyundo ya mwanamke mmoja, ambaye aliitoa bila kuinua macho. Walimpiga mara tatu. Baba yangu alikuwa mtu wa sauti ndogo, na ile sauti iliyomtoka sikuwa nimewahi kuisikia kwa binadamu wala mnyama. Nilijikojolea nikiwa nimesimama.

Kisha Mabula akanichuchumalia, akanipa brashi mimi. "Mchoraji wangu. Chora, muende nyumbani."

Nikamtazama baba. Shavu lake lilikuwa kwenye vumbi. "Chora, mwanangu," akasema.

Nikachora. Ile karatasi yenye tundu ilikuwa mbali, kwa hiyo kibomu cha saba kilipinda, kikatoka kikubwa kuliko wenzake, rangi ikachuruzika chini yake.

Mwanamke mwenye nyundo ndiye aliyemfunga baba mkono kwa kipande cha khanga yake na kutupeleka kwenye gari. Hospitali ya Geita walimkata vidole viwili, na vingine vitatu vikabaki vimekakamaa. Mama alipofika hakulia. Alikaa kitandani kwa baba, akasikiliza yote, na mwishowe baba akamwambia, "Daftari liko kwenye sanduku la rangi."

"Daftari la nini?" mama akauliza.

"Niliandika. Kila siku aliyokuja, niliandika. Kila kibomu alichoongeza kina siku yake."

Mama akaelewa kabla yangu. "Ukilipeleka watakuja kutumaliza."

"Najua."

"Una mtoto, Masanja."

"Mtoto ndiye niliyemfundisha kuvichora," baba akasema, akageukia ukutani.

Mama alikaa mpaka chai ya wagonjwa ilipopita. Kisha akainuka, akafunga baibui lake, akarudi Kagongwa kwa basi, akalichukua daftari, akalipeleka polisi mkoani yeye mwenyewe. Mimi alinichukua, nikaandikisha maelezo mbele ya mama mmoja wa polisi mwenye miwani, aliyeandika polepole.

"Nani aliyemwambia huyu mtu kwamba kila kimoja ni safari moja?" akaniuliza.

"Mimi," nikasema.

Aliacha kuandika. Akanitazama, akatazama karatasi, na mpaka leo sijui aliandika nini pale.

Walikuja kabla Mabula hajakamatwa, baba akiwa bado hospitali. Watu wawili, saa saba mchana, barabara imejaa watu. Mama alinisukuma nyuma ya magunia ya mchele, akatoka kuwakabili na pauro ya kuchotea mchele. Nilimsikia akisema, "Hapa kuna mtoto," halafu nikasikia pigo. Walimvunja taya. Wakaingia kwenye banda la baba, wakazikanyaga ndege za Alani moja moja, wakamwaga thina, ile dawa ya kulainishia rangi, juu ya vitabu na mbao, wakawasha. Majirani walisimama ng'ambo wakitazama mpaka wale watu walipopanda pikipiki yao, ndipo wakakimbia na ndoo. Nilitoka nyuma ya magunia. Mama alikuwa ameketi chini, ameshika uso wake kwa mikono miwili kama mtu anayeshikilia chungu kisimwagike.

Lakini daftari lilikuwa limeshafika. Mabula alikamatwa wiki ile, na wenzake wanne. Waliulizwa juu ya siku zilizoandikwa na baba, na karibu na siku hizo watu walikuwa wamepotea kweli, wengine wakatolewa kwenye mashimo yaliyoachwa. Kati ya wale sita wa kwanza polisi walipata majina ya wawili tu. Mabula alifungwa kwa ajili ya Shija. Kwa wale wengine hakukuwa na shahidi aliyekubali kusimama.

Alani alikuja kuaga kabla ya kurudi kwao. Aliona banda, aliona mkono wa baba, akakaa kwenye ngazi yetu, mtu mzima analia mbele ya watoto wa mtaa. Alirudia rudia kwamba angejua asingeleta vile vitabu. Baba akamwambia vitabu havikumpiga mtu.

Mimi maneno hayo sikuyaamini, si kwa vitabu wala kwangu. Kwa miaka mingi niliamini kwamba nisingejibu lile swali, Mabula angechorewa meno yake tu na Shija angekuwa na ng'ombe wake. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao baba siku ile, na najua Mabula alikuwa akiua kabla hajatufahamu. Ndiyo maana alianzia vitatu. Nalijua hilo. Halinisaidii kila siku.

Lori lilibaki limeegeshwa kwenye uwanja wa polisi. Kesi ilipokwisha alikuja mwanamke kutoka Ushetu, mkulima wa tumbaku, viganja vyeusi kwa utomvu wa majani. Alikuwa mama yake Shija. Nikamwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia "Marahaba" bila kunitazama. Alikuwa ameambiwa kwamba mwanawe amechorwa kwenye gari, akataka kuonyeshwa. Baba akabeba chupa ya thina kwenye mfuko, sikujua kwa nini, tukaenda wote watatu. Askari wa getini aliongea na baba kidogo, akatufungulia.

Mama Shija alisimama mbele ya ule mdomo mwekundu. Meno yalikuwa yamepauka kwa jua. Hakuyajali. Aliuinamia ule mstari.

"Wangu ni yupi?" akauliza.

Nikanyoosha kidole. "Hiki cha mwisho. Kilichopinda."

"Nani alikichora?"

"Mimi, mama."

Nilingoja kofi. Nadhani nilikuwa nimelingoja tangu siku ile, na lingenifaa. Yeye akaweka kiganja chake kichwani kwangu, akakiacha pale muda, kizito, kina harufu ya tumbaku. "Ng'wana wane," akasema kwa Kisukuma, mwanangu, na sikujua kama ananiita mimi au yule. Kisha akashika pembe ya khanga yake akaanza kusugua. Rangi ya baba haikuwa ya kutoka kwa khanga kavu. Akasugua mpaka nikaona mshipa wa shingo umemtoka.

Baba akafungua chupa kwa meno, akamimina thina kwenye khanga yake kwa mkono wa kushoto. Kibomu cha saba kikalainika, kikawa doa, kikatoka. Palibaki bati tupu.

Nikadhani amemaliza. Akasogea hatua moja akaanza cha sita. Askari akainuka kwenye kiti chake, akatutazama, akakaa tena. Baba alimimina, mama Shija akafuta, cha tano, cha nne, wale ambao wengi wao hakuna aliyejua hata majina yao. Alipofika cha kwanza chupa ilikuwa tupu. Akaitazama khanga yake, akaitemea mate, akaendelea kusugua.